Aliyefukuzwa Namtumbo kwa kuharibu kompyuta arudi na disketi zake

Saa mbili asubuhi, Namtumbo. Kunegunda Komba anaweka hotipoti la bluu juu ya meza ya ofisi ya Chama cha Msingi Tuinuane na kulifungua. Hakuna harufu ya chakula. Ndani kuna disketi zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambaa safi cha kufutia vumbi.

Wakulima waliojazana dirishani wanacheka.

"Mama Ida, leo mboga ndiyo hiyo?" anauliza mmoja.

"Ndiyo hiyo. Na asiyenawa hagusi," anajibu Kunegunda bila kuinua kichwa.

Nje, jenereta inanguruma. Marobota ya tumbaku iliyokaushwa kwa moshi yamepangwa hadi barabarani. Leo soko linafunguliwa, na karani wa mnunuzi yuko njiani anakuja. Kabla hajafika, kompyuta ya chama inatakiwa iwe inatoa kadi yenye jina la mkulima, daraja la tumbaku yake na uzito wa robota.

Isipotoa, tumbaku itauzwa kwa karatasi za mnunuzi, kama ilivyo tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia.

"Karatasi ya mnunuzi anaiandika mnunuzi," anasema mwenyekiti wa chama, Mzee Hironimus Ngonyani. "Daraja la pili akiliandika la nne, utamshitaki kwa nani? Ushahidi anao yeye."

Nyuma ya Kunegunda amesimama Theodosia Mbano, karani wa chama, mikono kifuani. Hana furaha, na sababu anayo. Mwaka jana, 1999, kwenye meza hii hii, Kunegunda aliiharibu kompyuta anayofanyia kazi Theodosia.

Kunegunda ana miaka arobaini na sita na anaishi Matogoro. Alisoma hadi darasa la saba. Kazi aliyoijua tangu ujana ni kupika kwenye harusi na sherehe za kipaimara, na alikuwa na jina. Kisha watu wakaanza kupunguzwa kazini, na sherehe nazo zikapungua.

"Ubwabwa wa watu mia mbili ukawa wa watu hamsini," anasema. "Halafu ukawa chai na mandazi. Mandazi kila mtu anajua kupika. Mimi wananiitia nini?"

Ndipo alipoanza kupeleka chakula cha mchana maofisini mjini Songea. Mmoja wa wateja wake alikuwa Erasmus Rwegasira, mwalimu aliyehamia kutoka Kagera, ambaye alikuwa amefungua chumba kidogo cha kompyuta karibu na soko. Erasmus ndiye aliyeitengeneza programu ya Tuinuane. Siku za kazi hakuweza kuacha darasa. Kunegunda alikuwa anakwenda Namtumbo kupika kwenye harusi, basi akampa disketi.

"Nilimwonyesha pa kubonyeza," anasema Erasmus. "Nikajua nimemaliza kazi."

Hakuwa amemaliza. Kunegunda alipobonyeza, kompyuta ya Namtumbo ilileta ujumbe kwamba faili fulani halipo, programu ikajifunga. Alirudia mpaka jenereta ikaishiwa mafuta. Akarudi Songea na disketi yake, amenuna.

Kwa Erasmus programu ile ilifunguka bila shida, na sababu ni rahisi. Programu haisimami peke yake. Inaegemea mafaili mengine ya kuisaidia kufanya kazi. Mashine ya Erasmus ilikuwa nayo, kwa kuwa yaliingia siku alipoweka kifaa cha kutengenezea programu. Mashine ya Namtumbo haikuwa nayo, na Erasmus hakuyatuma.

Kunegunda alielewa papo hapo, na hakumwonea haya.

"Nilimwambia, mwalimu, umenituma harusini na mchele, sufuria umeziacha kwako!"

Wiki iliyofuata alirudi Namtumbo na mafaili yote. Akayamimina ndani ya kompyuta. Mashine ikamuuliza kama aweke faili lake mahali pa lililokuwepo. Akakubali. Ikauliza tena, akakubali yote kwa mkupuo. Programu ikafunguka. Wakulima wakapiga vigelegele.

Vigelegele havikudumu. Theodosia alipotaka kuchapa barua, programu yake ya kuandikia ilikataa kufunguka. Baadhi ya mafaili ya Kunegunda yalikuwa ya zamani kuliko yale yaliyokuwemo. Aliondoa mapya akaweka makuukuu, na programu ya Theodosia ilikuwa inayategemea yale mapya.

"Nilikuwa na barua za msimu mzima," anasema Theodosia. "Nilimwambia Mama Ida, kama umezoea masufuria, nenda kwenye masufuria."

Mwenyekiti alimwambia Kunegunda atoke. Alifungua mlango. Mashine ikapelekwa Songea kutengenezwa, na soko la mwaka ule likafunguliwa kwa karatasi za mnunuzi. Habari zikamtangulia Kunegunda kila alikokwenda. Hata waliokuwa wakimwita kupika wakaanza kutania kwamba atawaharibia na jiko.

Mwingine angeacha. Kunegunda alikwenda kwa Erasmus akadai jambo ambalo mwalimu hakulipenda hata kidogo. Alitaka kompyuta ya pili ya Erasmus ifutwe kila kitu na kubaki tupu, kama imetoka dukani leo.

"Niligoma," anakiri Erasmus. "Ile mashine ilikuwa na kazi zangu."

"Nikamwambia mashine yako inakudanganya," anasema Kunegunda. "Nyumbani kwako kila kitu kipo. Utajuaje ulichosahau? Mpishi anajua amesahau chumvi akifika ugenini."

Walibishana wiki nzima. Kunegunda akaacha kumpelekea chakula. Erasmus akahamisha kazi zake, akaifuta mashine.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Waliweka programu kwenye mashine tupu, ikakataa. Wakatafuta faili lililokosekana, wakaliongeza kwenye disketi, wakaifuta tena mashine na kuanza upya. Ikakataa pengine, safari hii kwenye kuchapisha. Yako mafaili ambayo haitoshi kuyaweka tu. Ni lazima yatambulishwe kwa mashine, la sivyo yatakaa humo bila kutumika.

"Kama bibi harusi," anaeleza Kunegunda. "Kumfikisha nyumbani hakutoshi. Lazima wakwe waambiwe huyu ni nani."

Anasema miezi ile ilikuwa mizuri. "Kila ilipokataa nilifurahi. Si ilikuwa inakataa Songea? Afadhali hapo kuliko Namtumbo."

Ilipoacha kukataa, alikwenda mwenyewe kumwomba Mzee Hironimus nafasi moja. Mzee alimpa kwa sharti: safari hii mashine ikiharibika, asionekane tena kwenye chama chochote cha tumbaku barabara hii. Vyama vingine vilisikia. Lusewa wamemtuma mtu wao, Leo Gama, aje aone kwa macho yake.

Ndiyo maana leo Theodosia amesimama nyuma yake.

"Kabla hujagusa," anasema Theodosia, "fungua programu yangu ya barua. Wote waone iko hai."

Kunegunda anaifungua. Iko hai. Anaifunga, anaweka disketi ya kwanza. Mashine inakoroma. Ya pili inapita. Ya tatu inakwama, na kompyuta inasema haiwezi kuisoma.

"Yaleyale," anasema mtu dirishani.

Kunegunda anaitoa disketi, anaingiza mkono chini kabisa ya hotipoti na kutoa nyingine inayofanana nayo. "Mpishi haendi safari na kiberiti kimoja," anasema. Hii inasomeka.

Kisha linakuja swali lile lile la mwaka jana. Faili unaloleta ni la zamani kuliko lililopo. Ufanye nini? Theodosia anainama karibu na kioo.

"Mama Ida, soma vizuri."

"Nimesoma, mwanangu. La mwenyeji linabaki." Anabonyeza. Swali linakuja tena, naye anajibu vile vile. Palipo na pengo anaweka lake. Penye kitu kipya kuliko chake hagusi.

Anaizima mashine na kuiwasha upya. Programu ya tumbaku inafunguka.

Hakuna anayeshangilia. Wote wanamtazama Theodosia. Anavuta kiti, anafungua programu yake ya barua, anachapa mstari mmoja, anausoma, anachapa mwingine.

"Iko hai," anasema. Kisha kwa sauti zaidi: "Iko hai, jamani!"

Sasa vigelegele vinapigwa, na dirisha nusura ling'oke. Robota la mkulima Romanus Tawete linapandishwa kwenye mizani. Printa inakwaruza na kutoa kadi. Mzee Romanus anaishika kwa ncha za vidole, analisoma jina lake mara mbili.

Karani wa mnunuzi anapofika na karatasi zake chini ya kwapa, Mzee Hironimus anampokea vizuri, anampa kiti na kumwekea kadi mbele. Karani anaangalia kadi, anaangalia mizani, anakwenda kuipekua tumbaku yenyewe. Anarudi na kuweka sahihi.

"Karatasi zako pumzisha," Mzee anamwambia. "Zimefanya kazi sana."

Leo Gama wa Lusewa anamsogelea Kunegunda.

"Mama, mashine yetu ni ya zamani kuliko hii. Itakubali?"

"Sijui. Sijaiona. Kwanza nitaangalia ina nini, ndipo nikwambie. Alhamisi nakuja."

Anataka kila chama barabara hii kiwe na mtu wake anayejua kuweka programu bila kuvunja iliyopo, ili msimu usisimame kumsubiri yeye. Wa kwanza amekwisha kumchagua.

"Theodosia anakuja na mimi Lusewa," anasema.

"Nani kakwambia?" Theodosia anageuka.

"Tangu asubuhi unauliza maswali. Mtu asiyetaka kujua haulizi."

Theodosia anazitazama disketi mezani.

"Nitakubebea hizo?"

"Nitazibeba mwenyewe," anasema Kunegunda. "Wewe utabonyeza."