Vidonge vya Mama Mkwe

Katika mkutano wa Julai wa wahudumu wa afya ya jamii wa Noonkopir, Kitengela, Nasieku alisimama kutoa mfano wa mama mjamzito anayefuata maagizo. Hakumtaja jina. Alitaja namba tu: presha ya 158 kwa 102 mwishoni mwa Juni, na 128 kwa 84 siku kumi na moja baada ya kuanza dawa. Wenzake walipiga makofi. Wiki mbili baadaye aligundua kwamba mama huyo aliacha dawa yake siku ya tano, na kwamba namba zile nzuri zilikuwa zimetoka kwenye pakiti ya mtu mwingine. Hadi leo, akikumbuka yale makofi, hukunja uso.

Nasieku ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Ewuaso Kedong, akaolewa Kitengela wakati maduka ya mji huu yalikuwa machache na punda walikuwa wengi. Alipopata mimba yake ya kwanza, shangazi zake walimpunguzia chakula kuanzia mwezi wa saba, kama walivyofanyiwa wao, ili mtoto awe mdogo na atoke bila shida. Maziwa akapewa ya kuonja. Alizimia mara mbili kisimani. Mtoto alizaliwa mzima, kwa hiyo shangazi wakahesabu kwamba njia yao imefaulu, na hakuna aliyewahi kuwaondoa katika hesabu hiyo. Nasieku anasema hapo ndipo alipojifunza jambo linalomchosha zaidi katika kazi yake: mtu anayekudhuru kwa mapenzi hana sababu ya kuacha.

Nyumba mia moja na kumi ziko chini yake. Anazizungukia kwa miguu, mkoba mgongoni, ndani yake mashine ya presha, mizani na simu ya kazi. Katika wiki moja ya kawaida atamkuta mjamzito anatafuna mawe ya odowa yaliyonunuliwa sokoni, mfuko mzima, huku damu yake imepungua hadi midomo imekuwa myeupe. Atamkuta mwingine, mfanyakazi wa shamba la maua, anafua nguo za kupulizia dawa katika beseni la kuogeshea watoto. Atamkuta mume ameweka pampu ya dawa ya nyanya chini ya kitanda, isiibiwe. Kila mmoja ana jibu. Wote wanamwita daktari, na hakuna anayemsikiliza kama daktari.

Mama wa zile namba anaitwa Sandra Nalianya. Ana miaka thelathini na nne, ni mzaliwa wa Bungoma na ni karani katika kampuni ya mizigo Embakasi. Ameolewa na Maina, fundi wa stima, na wanaishi katika ploti ya mama yake Maina, mwanamke anayeitwa Rahab, anayeuza nafaka sokoni. Rahab alikuwa na miaka sita ya presha. Sandra alikuwa na mitatu. Mwaka wa kwanza wa ndoa Sandra alipoteza mimba ya miezi saba kwa sababu ya presha hiyo hiyo. Kwa hiyo mimba hii ya pili aliificha. Hakwenda kliniki hadi mwezi wa tano, kwa maelezo kwamba hakutaka kuihesabu kabla haijashika. Nasieku alimwambia mimba haisubiri kuhesabiwa ndipo ipandishe presha. Sandra alipelekwa kwa daktari, akaandikiwa methyldopa, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, vidonge themanini na vinne kwa wiki nne.

Jumamosi ya tarehe ishirini na sita Julai, Nasieku aliingia pale saa nne asubuhi. Rahab alikuwa uani, anapepeta maharagwe.

"Sopa, daktari wetu!" alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Na mimi si daktari, Mama Maina."

"Sasa hiyo mashine yako imesomea wapi?"

Sandra alitoka na kiti. Mashine ilisoma 122 kwa 80. Rahab akaacha ungo na kumshukuru Mungu kwa sauti ya kufika barabarani. Nasieku naye alikuwa karibu kufunga mkoba. Kilichomzuia ni jambo dogo: macho ya Sandra yalikuwa makavu, yameamka. Wanawake aliowahi kuwaona wakianza dawa ile huwa na macho ya kusinzia wiki za mwanzo.

"Lete dawa tuhesabu."

"Kwani unanishuku?"

"Nashuku kila mtu. Mume wangu pia namhesabia za minyoo."

Sandra alileta bahasha. Nasieku alimwaga vidonge juu ya kifuniko cha sufuria akavihesabu kwa kidole, akavihesabu tena. Vilikuwa sabini na kimoja.

"Sandra. Hapa panafaa kuwa na tisa."

Maina, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, aliuliza kama labda kliniki ilimwongezea.

"Zilikuwa zinanilaza," Sandra alisema. "Nililala juu ya kompyuta Jumatano. Ijumaa nikalala tena. Bosi akaniuliza kama niliandikwa kulala. Niseme nini, kwamba niko na mimba na niko na presha? Anifute mara mbili?"

"Kwa hiyo umekunywa kumi na tatu ukaacha."

"Ndio."

"Na presha imeshukaje?"

"Mungu," Rahab alisema.

"Mama Maina, namuuliza Sandra."

"Na mimi nikamsaidia Mungu kidogo," Rahab akaongeza. Hakuweza kuinyamazia sifa yake. Aliingia nyumbani kwake akarudi na mkebe wa majani ya chai, akaufungua kwa fahari. Ndani mlikuwa na karatasi za vidonge. "Hizi hazilazi mtu. Unakunywa moja tu, asubuhi, na chai. Nimekuwa nampelekea mwenyewe kabla aende kazi. Mkwe gani mwingine anafanya hivyo hapa Kitengela?"

Nasieku alisoma jina mgongoni mwa karatasi. Enalapril. Alikuwa amefundishwa juu ya dawa za kundi hilo katika semina ya siku tatu mjini Kajiado, na muuguzi aliyewafundisha aliwataka warudie kwa sauti kama watoto wa shule: mjamzito hapewi. Sababu yake aliielewa vizuri kwa kuwa ilimshangaza. Kuanzia katikati ya mimba, maji anamoelea mtoto tumboni kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Dawa hii inashusha presha ya mama na papo hapo inazinyima figo za mtoto damu zinayohitaji. Figo zikilala, mtoto hakojoi. Asipokojoa, maji yanapungua. Yakipungua sana, mapafu hayakui na mtoto anabanwa. Nasieku aliyasema haya yote, polepole, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na vidonge sabini na kimoja mapajani.

"Presha ni presha," Rahab alisema. "Yangu na yake zina tofauti gani? Mimi nimekunywa hii miaka sita na sijakufa."

"Wewe huna mtoto tumboni."

"Niliwazaa watano!"

"Ulikuwa unakunywa hii dawa?"

"Wakati huo sikuwa na presha."

"Basi tumeelewana."

"Hatujaelewana," Maina alisema. Aliweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Presha ilikuwa juu, mkasema ikiwa juu mtoto atakufa kama yule wa kwanza. Sasa imeshuka. Wewe mwenyewe umeona. Na unataka aache kitu imeishusha?"

Kati ya maneno yote ya asubuhi ile, hayo ndiyo yaliyomkera Nasieku zaidi, kwa sababu hayakuwa ya kijinga. Alikuwa ametumia wiki nne kuwafundisha watu hawa kuamini namba, na sasa alitakiwa kuwaambia namba ni ya mama peke yake. Mashine inafungwa kwenye mkono wa Sandra. Haimpimi aliye tumboni.

"Mama, kaa hapa," alimwambia Rahab ghafla.

"Mimi? Ya nini?"

"Kaa. Mkono."

Mashine ilisoma 182 kwa 106. Nasieku aliigeuza ili Maina aone.

"Mama Maina, wewe unakunywa zako lini?"

Rahab aliangalia maharagwe. "Nikisikia kichwa."

"Kwa nini?"

"Zingetosha watu wawili namna gani?"

Sandra alikuwa anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Alidhani mama mkwe alikuwa na akiba. Alianza kulia, Rahab akamwambia anyamaze asipandishe presha, na Nasieku, ambaye angependa kuwagombeza wote wawili kwa saa nzima, hakuwa na muda. Alimpigia simu muuguzi msimamizi wake. Jibu lilikuwa fupi: dawa ile isimame leo, wakapige picha ya tumbo leo, wasingoje Jumatatu.

Picha ilipigwa mchana huo huo mjini Kitengela. Mpigaji alizungusha kifaa chake tumboni mwa Sandra kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akauliza ana wiki ngapi, kisha akauliza tena. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Maji yalikuwa machache sana kwa wiki ya ishirini na sita. Kufikia saa kumi jioni Sandra alikuwa kitandani katika hospitali mjini Kajiado, na Rahab alikuwa amekaa kando yake na chupa ya uji, amekataa kurudi nyumbani.

Daktari wa zamu hakumgombeza mtu. Aliuliza vidonge vingapi, kwa siku ngapi, vya nguvu gani. Sandra alijibu: kimoja kila asubuhi, siku ishirini. Daktari alisema dawa ikiacha kuingia, figo za mtoto mara nyingi huamka na maji hurudi, ila si kila mara, na kwamba mtu yeyote atakayewaahidi zaidi ya hapo anawadanganya. Watajua kwa kupima tena na tena, na watajua kwa uhakika mtoto akizaliwa, akikojoa.

"Akikojoa tu?" Rahab aliuliza.

"Akikojoa ndio mwanzo wa habari njema, mama."

Sandra alirudishiwa methyldopa siku ile ile. Alilala siku tatu karibu mfululizo. Ndipo muuguzi wa wodi akamwambia, kwa kupita, kwamba usingizi huo kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili, mwili ukizoea. Sandra alimpigia Nasieku.

"Mbona hukuniambia?"

Nasieku alikuwa amemwambia dawa inywewe saa ngapi, isikosewe, isiachwe. Alikuwa ameyaandika yote kwenye simu ya kazi, na simu ikampa alama ya kijani. Kwamba dawa ingemlaza, na kwamba usingizi ungeisha, halikuwa swali kwenye simu. Siku tano zaidi za kuvumilia, anasema, na mkebe wa majani ya chai haungefunguliwa. Katika mkutano wa Agosti alisimama tena, akautaja ule mfano wake wa Julai, akausahihisha. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Siku ya kumi picha ilionyesha maji yamepanda, lakini hayajafika panapotakiwa. Sandra aliruhusiwa kurudi nyumbani na barua ya likizo kwa bosi wake. Agosti na Septemba ilikuwa miezi ya kurudi Kajiado kila wiki kupimwa, na ya Rahab kuuliza kila mara, mbele ya foleni nzima, kama mtoto ameanza kukojoa huko ndani. Maji yalipanda, yakasimama, yakapanda tena. Nasieku alipita kila Jumamosi kuhesabu vidonge vya Sandra kwenye kifuniko cha sufuria. Havikuzidi hata kimoja. Vya Rahab alivihesabu pia. Hivyo vilizidi.

Wiki ya thelathini na sita presha ya Sandra ilizishinda dawa zote na madaktari wakaamua kumpasua. Msichana alizaliwa Alhamisi, tarehe mbili Oktoba, saa nne asubuhi, uzito wa kilo mbili na gramu mia tatu. Alilia. Mapafu yalikuwa sawa. Wauguzi walimfunga nepi, na familia nzima ikaanza kuiangalia nepi.

Saa nane mchana, kavu. Saa kumi na mbili jioni, kavu. Maina alimpigia Nasieku mara nne, akamuuliza kama maji ya chumvi ya Kitengela yanaweza kuwa ndiyo sababu, kama ampigie mchungaji, kama nepi ya kitambaa inaonyesha vizuri kuliko ya dukani. Nasieku alimwambia madaktari wanawapa watoto siku nzima, na kwamba akipiga tena yeye hatapokea. Alipiga tena, na Nasieku akapokea.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, simu ilikuwa ya Rahab. Alikuwa anapiga kelele wodini, na mtu alisikika nyuma akimwomba apunguze sauti.

"Ameninyeshea! Nasieku! Nilikuwa nimemshika bila nepi, nguo yangu ya kanisa yote ni maji! Yote! Daktari amekuja kuangalia, anacheka!"

Nasieku alikuwa njiani kuelekea nyumba yake ya kwanza ya siku hiyo. Alisimama kando, akaweka mkoba chini vumbini. Rahab aliendelea: watampima damu kwanza, wataangalia figo kwa picha, lakini amekojoa, amekojoa sana, kama punda.

"Mama Maina."

"Eeh, daktari."

"Wewe umekunywa dawa yako leo?"

Upande wa pili alisikika mtoto analia.

"Nitakunywa nikifika nyumbani."

"Utafika lini?"

"Mtoto akitoka hospitali."

Nasieku aliinua mkoba wake, akageuka, akaelekea kituo cha magari ya Kajiado na mashine yake ya presha.