Hakunituma, Aliniamkia Tu

Mjukuu wangu nesi, bwana! Siku ya mahafali yake nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Tabata nzima wakawa wananiita Bibi Nesi, na mie naitika.

Akapata kazi hospitali moja ya binafsi huko Temeke, kwa majaribio kwanza, akifaa ndiyo aajiriwe. Na mie presha ikanipanda, nikalazwa wodi yake hiyohiyo. Raha iliyoje!

Siku hiyo sista mkuu wa wodi kaitwa kikaoni. Akamwambia mjukuu wangu, "Nakuachia wodi. Usitoke. La kutuma, mtume mhudumu."

Mhudumu mwenyewe mama mtu mzima, rika la mama yake mzazi, kakaa zake anakula mihogo. Mara damu ya mgonjwa ikatakiwa kufuatwa maabara. Mjukuu wangu akamwendea, magoti kayakunja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si uliniamkia asubuhi?"

"Samahani mama... ile damu iko tayari maabara..."

"Ah, vizuri. Wahi basi mwanangu, miguu yako bado mipya."

Wodi nzima tukacheka. Na mie nikacheka, mjinga mie. Mtoto akaenda mwenyewe.

Huku nyuma bibi wa kitanda cha jirani akateremka kwenda chooni. Akaanguka, puu! Nyonga ikavunjika.

Sista mkuu aliporudi moto ukawaka. "Kwa nini umeacha wodi? Huyu mhudumu hukumwona?"

Mhudumu akajifuta mdomo. "Hakunituma. Aliniamkia tu."

Majaribio yakaishia palepale. Mhudumu yupo mpaka leo.

Inaniuma, jamani. Chuoni wamemfundisha sindano na dripu, nani alimfundisha kumwambia mtu mzima "nenda"? Huku kwetu mtoto akimtuma mkubwa anazabwa kofi. Halafu siku moja tu mnamkabidhi wodi, mnamwambia tawala!

Sasa kaitwa usaili Kigamboni, kazi ya kusimamia zamu. Jana nikamkalisha. "Haya, mie ndiyo mhudumu. Nitume maji."

Akasimama anafinyangafinyanga khanga. "Bibi..."

"Bibi yako kafa! Mie mhudumu. Nitume!"

Kanitazama, machozi yanamlengalenga. Akageuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe kakishika kwa mikono miwili. Akapiga goti.

"Karibu maji, bibi."

Maji yalikuwa ya mtungini, ya baridi. Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini bila kuonja.