Darasa la Mama Macho

Wifi yangu hakuitwa Mama Macho kwa uzuri wa macho yake, nisianze kupiga chuku mapema hivi. Aliitwa hivyo kwa sababu ukizungumza naye habandui jicho usoni pako. Hata ukimuuliza chumvi iko wapi, atakukodolea mpaka ujihisi umeiba kitu. Wanafunzi wake wa darasa la kwanza ndio waliompa jina hilo. Walidhani mwalimu wao anawapenda kupita kiasi, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Wasichokijua ni kwamba masikio yake yalikuwa yamekufa. Yalififia kidogo kidogo, hadi akabaki anasikia radi na mlango ukibamizwa tu. Tuliojua ni mimi na marehemu kaka yangu aliyemwoa. Wifi alijifunza kusoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti, wala hakuna aliyemshuku. Darasani alikuwa na sheria zake: mtoto haongei mpaka mwalimu amtazame, hamung'unyi maneno, anafungua kinywa chote. Zamu yake ya kusoma ikifika, anasogea mpaka mezani, uso kwa uso. Wazazi waligombania darasa lile, maana watoto waliotoka humo walisoma vizuri na wakiongea walieleweka. Wifi hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Aliwahi kuniambia waziwazi kwamba siku akitolewa darasani, hajui atakuwa anaamka asubuhi kwa ajili gani.

Mimi ni mfanya usafi wa shule hiyohiyo, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Ugonjwa ulipoingia, shule zilifungwa. Zilipofunguliwa, ofisi ya elimu ya wilaya ilileta waraka wa kujikinga, ukabandikwa kila mlango. Kunawa mikono getini. Madawati yaachane. Madirisha yabaki wazi. Mtoto asisogelee meza ya mwalimu. Barakoa wakati wote, kwa mkubwa na mdogo. Sina ugomvi na waraka ule. Mtaani kwetu tulishazika watu, tena harakaharaka, bila hata kuwasogelea. Mimi mwenyewe nilijaza ndoo za getini na kusugua vitasa kwa dawa mpaka vidole vikababuka.

Siku ya kwanza wifi alinifuata stoo nikiwa nachanganya dawa ya kupigia deki. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Wifi, wamewafunika wote," alisema. "Naona macho tu. Mtoto anasimama, kitambaa kinachezacheza, anakaa. Sijui kama amesoma au ameomba kwenda chooni."

Nikashusha barakoa ili anione. "Si umwambie mwalimu mkuu ukweli?"

"Ili nifungashiwe virago? Kiziwi wa kufundisha watoto kusoma? Wewe ungemwachia mwanao?"

Nikarudia kukoroga dawa yangu.

Tukaanza kuhangaika. Nilimpelekea fundi cherehani nailoni iliyofunika godoro jipya, akatushonea barakoa zenye kidirisha mdomoni. Lo! Mtoto akipumua mara mbili tatu, kidirisha chote ukungu, na darasa zima linaangua kicheko. Nikazipaka sabuni, ukungu ukarudi palepale. Hata wifi alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kinaelekea kwenye kilio, nikazikusanya zote nikazichoma moto.

Ikabidi ajifanye anasikia. Kila mtoto alimwitikia "vizuri sana," aliyepatia na aliyekosea. Mimi nikipiga deki barazani niliwasikia wanavyoboronga. Wengine walikuwa wanajitungia maneno yao tu. Nyumbani aliniuliza wanaendeleaje, nami nikamwambia kama ilivyo. Alisukuma sahani pembeni, hakula.

Lakini watoto si mapoyoyo. Binti mmoja mwenye pengo la meno ya mbele ndiye aliyeanza. Alipoitwa kusoma, alishusha barakoa mpaka kidevuni, akasoma sentensi yake huku anamtazama mwalimu, akaipandisha, akakaa. Hakuna aliyemtuma. Nadhani alichoshwa na zile "vizuri sana" za bure. Kesho yake wakawa watatu, halafu darasa zima, mmoja mmoja, kando ya dirisha. Wakaanza kusoma tena. Wifi alijua ni kosa. Aliniambia kila mtoto akifungua kinywa moyo unamdunda, kwa sababu huenda pumzi ileile ndiyo itakayomzika bibi wa mtoto mwingine. Hakuwazuia. Na mimi nikawa nakaa chonjo mlangoni na ufagio, nafagia palipokwisha fagiliwa.

Siku afisa wa wilaya alipokuja kukagua, nilikuwa getini najaza ndoo, naye akapitia nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kumchukia nikashindwa, kwa sababu alikuwa ametoka kumzika mkewe kwa ugonjwa uleule. Nilipofika mbio, alikwisha simama mlangoni.

"Mwalimu," aliita. Wifi alikuwa amempa mgongo, anamtazama mtoto anayesoma. "Mwalimu! Nakusemesha wewe!"

Watoto wote waligeuka, ndipo naye akageuka. Barakoa nyeusi ya afisa ilikuwa inapanda na kushuka. Alikuwa anauliza kwa nini mtoto yule yuko uso wazi, na nani amemfundisha ukaidi. Wifi akanitazama, akamtazama na mwalimu mkuu aliyekuja anahema. Kisha akasema mbele ya watu kile alichokificha miaka yote.

"Mheshimiwa, sijui unaniuliza nini. Mimi sisikii, nasoma midomo. Watoto msiwaadhibu, wamefanya hivi kwa ajili yangu."

Afisa alirudi nyuma hadi katikati ya uwanja, mbali na kila mtu, akashusha barakoa yake. Alizungumza polepole, kwa heshima zote.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike."

Hilo alilisoma bila shida yoyote.

Kesho yake mwalimu mkuu aliwapanga watoto uwanjani, kila mmoja kwenye duara lake la chaki, wamuage mwalimu wao. Kabla wifi hajatoka darasani na begi lake, mwalimu mkuu aliwaonya kwamba mwalimu anaondoka kwa sababu walivua barakoa, na atakayerudia atakiona. Nia yake ilikuwa kuwalinda, nakubali. Lakini siku hiyo nilitamani kumpiga na ufagio.

Wifi akaja, akasimama mbele yao.

"Haya, muageni," mwalimu mkuu akaamuru.

Hakuna aliyetoa neno. Yule binti wa pengo aliikandamiza barakoa usoni kwa mikono miwili, na wenzake wakamuiga, safu kwa safu, macho yamewatoka kwa hofu. Uwanja mzima ulikuwa kimya hata nikasikia koki ya ndoo inadondosha maji.

Wifi aliwapitia kwa macho mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Kisha akaanza kuitikia kwa kichwa, anatabasamu, machozi yanamtoka.

"Ahsanteni," akasema. "Ahsanteni, wanangu. Nimewasikia."

Nikamshika mkono, nikamtoa pale kabla hajaniuliza wamesema nini.