Sindano Juu ya Kikwembe

Watu wa Bukavu watakuvumilia usipokunywa pombe, watakuvumilia hata ukihama kanisa. Ukikataa karanga, hawakuvumilii. Dada yangu mkubwa Laurette, sekretari wa chuo kimoja kule Ibanda, amejieleza maisha yake yote, na mimi nimechoka kusikia ujinga anaojibiwa. Mara ni ugonjwa wa wazungu, mara afunge na kuomba. Jirani mmoja alimshauri aanze kula karanga mojamoja ili damu izoee.

Akionja karanga, hata unga wake tu, midomo inavimba na koo linaziba. Ndiyo maana haendi popote bila kipochi cha kiunoni chenye kalamu mbili za adrenalini. Kaka yetu Gentil ndiye anayemtumia kalamu hizo kutoka Liège, Ubelgiji. Kalamu hiyo ni sindano iliyofichwa ndani: unaikandamiza pajani upande wa nje, sindano inatoka yenyewe na kupita hata kwenye nguo. Laurette alinifundisha kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, jioni baada ya jioni, mpaka nikaudhika. Wifi zake walikiita kipochi hicho hirizi, wakacheka mpaka kushika mbavu.

Aliolewa na Aganze, mtu mpole, mpole kupita kiasi. Katika ukoo wao mwenye kauli juu ya wake wote ni masenge, yaani shangazi yao, maman Georgette. Siku ya mahari ya mdogo wake Aganze, masenge ndiye aliyesimamia vyungu. Laurette huenda kwenye sherehe na chakula chake mwenyewe, lakini siku ile masenge alimletea kwa mikono yake sahani ya sombe, kisamvu ambacho kwetu hupikwa kwa karanga, wageni wote wakitazama.

“Sombe yako nilipika mbali, iko bila karanga. Kula, mwanangu.”

Mke wa ukoo ule hakatai sahani ya masenge. Laurette alimuuliza tena, kwa adabu, na masenge akaapa kwa jina la Mungu. Dada yangu akala.

Hata hakufika nusu ya sahani. Alianza kujikuna shingo, midomo ikavimba, kisha pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Nikafungua kipochi. Wanawake wa ukoo wakamzunguka, nikadhani wanataka kumsaidia, kumbe wanamficha. Walitaka abebwe hadi chumbani na kufunguliwa kwanza kikwembe, kitenge alichojifunga, maana paja la mke wa mtu haliguswi mbele ya baba mkwe. Niliwaambia dawa inapita kwenye nguo. Masenge akanikamata mkono.

“Usimutoboe hapa mbele ya bakwe. Mumupeleke ku chambre.”

Dada yangu anakata roho, wao wanagombania heshima ya kitambaa! Nilimsukuma masenge, na sioni aibu kulisema, akaangukia masufuria yake. Nikaikandamiza kalamu juu ya kikwembe, nikaishikilia mpaka dawa ikaingia. Pumzi ilirudi kidogokidogo. Tukamkimbiza hospitali papo hapo, kwa sababu hali ile huweza kurudi hata baada ya sindano. Nyuma yetu nilimsikia mtu akilalamika kwamba kikwembe cha sare kimetobolewa.

Kesho yake masenge alikuja hospitali pamoja na Aganze, amependeza, ananukia marashi. Hakuomba radhi. Aliketi ukingoni mwa kitanda akatueleza taratibu, kama mtu anayefundisha pishi, kwamba alitia kijiko cha karanga zilizotwangwa, tena makusudi, aone kama ugonjwa huu ni wa kweli au ni maringo ya ofisini. Wahenga walisema sumu haionjwi. Huyu mama aliionja kwa ulimi wa mwenzake.

Laurette alijiinua kwenye mto. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza.

“Na kama ningekufa, masenge?”

Masenge alifikiri. Alifikiri kweli, macho ameyaelekeza darini, bila chuki yoyote.

“Basi tungejua ulikuwa unasema kweli.”

Na Aganze, mume wa dada yangu, akaitikia kwa kichwa.