Jaribio la Haraka Lililomaliza Asubuhi

Miaka ile ya soko huria, kompyuta za mitumba zilipoanza kufika Dodoma, ofisi yetu ilipata moja, tukaiandikia programu ya kupanga safari za dawa za zahanati za vijijini. Niliitunza mimi. Mikono ilikuwa michache, kwa hiyo tuliwategemea wapita njia: mtu anayejua programu kidogo, amekuja mjini kwa shughuli zake, anakaa, anarekebisha kitu kimoja, anaondoka.

Aliyetufaa kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja wa kike kutoka Kibakwe. Alijua barabara za kule milimani zinakatika wapi masika yakianza. Programu yetu haikujua, nayo ilipeleka dawa mwaka mzima kwa njia za kiangazi. Alikuja kurekebisha hilo tu.

Watu kama yeye niliwaandikia jaribio fupi la kompyuta kuikagua programu: unabonyeza, na chai haijapoa umeshaambiwa kama umeharibu kitu. Kisha mkuu wetu, mzee anayeheshimika, akaanza kuongeza. Kosa likitokea popote, anatia ukaguzi mwingine humo, hata wa rangi ya maandishi. Nani angeufuta? Kwetu kazi ya mkubwa haiguswi naye akiwa meza ya pili. Tulimwamkia, tukaendelea na kazi, jaribio likanenepa. Akaamuru pia kwamba rekebisho lisihifadhiwe kabla jaribio halijapita.

Siku hiyo mwalimu alimaliza mapema, akabonyeza. Tulisubiri mpaka mazungumzo yakatuishia. Nikaenda kwa mkuu.

"Shikamoo mzee. Tumruhusu dada apitishe nusu ya jaribio tu? Basi lake linaondoka."

"Marahaba. Nusu nayo ni ukaguzi, kijana wangu? Asubiri."

Umeme ukakatika. Kazi yake yote ikapotea. Nilitamani kuitupa ile kompyuta dirishani.

"Nitakuja likizo nyingine, kaka," alisema, akachukua mkoba wake.

Hakuja tena.

Mzee alipostaafu nilifyeka. Nikabakiza kaguzi chache zenye maana, jaribio likawa jepesi, hata mgeni angelielewa. Nikaweka na kiti mbele ya kompyuta. Hakuna aliyekikalia. Wapita njia walishaambiana kwamba pale kwetu unapoteza siku.

Masika yakaingia. Nilibonyeza mwenyewe, chai ikiwa bado ya moto. Kila kitu sawa, kompyuta iliniambia, kisha ikapanga dawa za Kibakwe zipite kwenye barabara iliyokatika.