Chumba Nilichomnyima Mwalimu

Nina vyumba vinne vya kupangisha hapa Dongobesh, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba sibagui mtu. Mkristo, Mwislamu, wa Kigoma, wa Tanga, wote huwaketisha kwenye benchi lile lile na kuwauliza maswali yale yale. Unafanya kazi gani? Mtakaa wangapi? Barua ya mwenyekiti wa mtaa uliotoka iko wapi? Mwenye nyumba wako wa zamani nampigia simu mbele yako, usikie ninachouliza. Wenye nyumba wenzangu walinitania kwamba nahoji kama polisi, kisha wakaanza kunipigia mimi kabla ya kumpokea mpangaji.

Swali la mwisho silo la serikali. Nauliza kama umefiwa karibuni. Kwa desturi ya wazee wetu, mama aliyezika mtoto mchanga hukaa kando kwa muda. Hachoti maji na wenzake, na kikombe chake hakiguswi. Vijana wanasema hayo yamepitwa na wakati. Lakini chumba cha pili alikuwamo mpangaji mjamzito, na mama yake angemhamisha siku hiyo hiyo.

Mwalimu alikuja Januari, mwanamke kijana, mgeni kabisa, amehamishwa kutoka Pwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alijibu yote vizuri. Mwenye nyumba wake wa zamani alimsifu mpaka nikaona wivu. Funguo zilikuwa tayari mkononi mwangu nilipouliza lile la mwisho.

"Nilizika mtoto mwezi wa kumi na moja," akasema. "Alikuwa na wiki tatu."

Angeweza kunidanganya, nani angejua? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu msema kweli iliishia mlangoni kwangu. Nikamwambia nimekumbuka, chumba kimeshachukuliwa. Alizitazama zile funguo, akashukuru, akaondoka.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Alipoomba nyumba ya pili, mwenye nyumba hiyo alinipigia: umemwonaje? Nikasema kweli. Ya tatu, nikasema kweli. Sikumsengenya, nilijibu nilichoulizwa, na ndani ya wiki mbili hakuna aliyemfungulia mlango. Akawa analala kwenye stoo ya shule, kati ya magunia ya mahindi.

Wala siwezi kusema sikujua. Nikiwa na miaka ishirini nilimzika mtoto wangu wa kwanza, nikawekwa kwenye kibanda cha nyuma. Chakula kililetwa kikawekwa chini, nami nikasubiri aliyekileta aondoke. Niliwasikia wenzangu wakicheka kisimani, na nilimchukia kila mmoja wao.

Siku ya gulio nilimkuta mwalimu kituo cha magari na begi lake. Alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Nikafungua mdomo nimwambie turudi nyumbani, chumba kipo. Hatua chache kutoka pale, mama wa yule mjamzito alikuwa anapakia vitunguu saumu juu ya gari, akitutazama. Nikaufunga mdomo.

"Mama," mwalimu akasema taratibu, "ningeambiwa ni miezi mingapi, ningesubiri."

Akanyoosha mkono kuniaga. Mimi ni mtu mzima, nasali kila Jumapili, na huyu angeweza kuwa binti yangu. Mikono yangu yote miwili ilibaki ndani ya shuka nililojitanda mabegani mpaka gari likaondoka.