Fungu la Mbah Ponirah

Mbah Ponirah, yaani Bibi Ponirah, wa Klaten kisiwani Java, alikuwa ameisugua migongo ya kijiji kizima. Mtu akiingiwa na upepo, mwili ukamuuma, humwendea apakwe mafuta na kusuguliwa kwa ukingo wa sarafu mpaka mistari myekundu ijitokeze. Kesho yake yuko shambani. Hakuna aliyewahi kulalamika, na kama yupo ajitokeze.

Basi jirani yake Suwarni, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, alipokwenda mjini kupimwa utumbo kwa kamera, alirudi analia na bega la kushoto. Upepo tu, wakaamua wote wawili, na hapo ndipo walipokosea. Ponirah akamsugua mgongo. Jioni Suwarni akazirai. Alipopasuliwa, wengu ulikutwa umechanika, tumbo limejaa damu.

Kamati ya hospitali ilipokaa kuyapanga majeraha kwa mafungu, ile mistari ya mgongoni ikawarahisishia kazi: jeraha la kukandwa. Habari ikafika kijijini kabla ya mgonjwa mwenyewe. Watu waliokuwa wakimgongea Ponirah mlango hata wakati wa kula sasa walipita wakitazama pembeni.

Suwarni alipopata nguvu, wakaenda pamoja kwa Daktari Hendarto, mkuu wa kamati. Suwarni akaeleza kwamba bega lilianza kumuuma akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali, na kwamba Mbah hakumgusa tumbo. Daktari akakiri, kwa upole wa kukera, kwamba kamera ikivutwa kwenye kona ya utumbo huweza kuuchana wengu, na maumivu yakapanda mpaka bega la kushoto.

"Lakini ni nadra mno, Mbah. Kwenye mpangilio wetu jeraha hilo halina fungu. La kukandwa lipo."

"Kwa hiyo nimetiwa humo kwa kuwa palikuwa na nafasi?"

Daktari akasema watalifikiria mwakani. Mwakani! Na mwingine akichanika kesho, atatafutiwa mkandaji gani?

Jumapili, wanawake wa mtaa walipokutana kwa upatu, Suwarni alitandika mkeka katikati ya chumba, akavua blauzi, akakaa, kovu la tumboni likiwaelekea wenzake.

"Mbah, nisugue. Nimeingiwa na upepo."

Ponirah akaitafuta sarafu. Akasugua, mistari ikajitokeza.

Hospitalini jeraha lile liko fungu lile lile mpaka leo. Ila siku hiyo mke wa mwenyekiti wa mtaa alifungua vifungo vyake, akasogea mkekani, akampa Ponirah mgongo.